Thamani ya Maarifa Yavukayo Mipaka

Mataifa yalipokusanyika Rio de Janeiro mwezi wa Juni mwaka 1992 na kuutia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya mabadiliko ya tabianchi, yaliandika katika ibara ya nne maneno ambayo wakati ule hayakupigiwa mbiu, walakini ndiyo yaliyobeba mzigo wa mapatano yote: kwamba kadiri nchi zinazoendelea zitakavyoweza kutimiza wajibu wao itategemea kadiri nchi zilizoendelea zitakavyotimiza wajibu wao wa kutoa fedha na kuwashirikisha wengine katika ufundi zilio nao. Nchi maskini zilikubali kuiacha ile njia nyepesi ya makaa ya mawe na mafuta ambayo nchi tajiri ziliipitia hata zikaufikia utajiri, na nchi tajiri zikakubali kuifanya njia nyingine ipitike. Miaka zaidi ya 30 imepita tangu siku ile, na upande wa pili wa mapatano umetekelezwa vipande vipande, mahali pengine kwa ukamilifu wa kustaajabisha, mahali pengine kwa maneno matupu. Kusudi la makala haya ni kuitazama hesabu yenyewe, nani hupata nini na nani hulipa nini maarifa ya kupunguza moshi yanapovuka mpaka, na kuonyesha kwamba, kwa rai yangu, miaka yote hii tumekuwa tukibisha hodi katika mlango ambao si mkuu.

Wanauchumi hulianza jambo hili kwa tabia mbili. Ya kwanza ni ya maarifa yenyewe. Gunia la mchele likiliwa Pemba haliwezi kuliwa tena Lamu, ilhali namna ya kuunda paneli ya umeme wa jua ikijulikana Lamu haipungui hata chembe kule Pemba. Gharama kubwa ni ya kuyavumbua maarifa mara ya kwanza, na baada ya hapo kuyatumia mara ya pili na mara ya elfu hakumpunguzii mtu kitu. Kwa sababu hiyo mvumbuzi hushindwa kuwazuia watu wasiyachukue, na serikali, ili asikate tamaa, humpa hataza, yaani haki ya kuumiliki uvumbuzi wake peke yake kwa miaka 20, ambayo humwezesha kutoza bei iliyo juu ya gharama. Tabia ya pili ni ya moshi. Mwenye kiwanda achomaye makaa hamlipi mtu yeyote kwa joto aliongezalo duniani, na madhali halipi, hana sababu ya kutafuta chombo kisichotoa moshi, hata kama chombo hicho kipo sokoni na hataza yake imekwisha muda. Basi soko likiachiwa lijiendeshe lenyewe hukosea mara mbili katika jambo moja: huzaa uvumbuzi haba kuliko unaohitajiwa, na huo uliopatikana hauenei kadiri ipasavyo.

Lakini katika zana za tabianchi kuna jambo la tatu, ambalo halimo katika bidhaa nyingi nyingine, nalo hubadilisha hesabu nzima. Nchi inayomnyima jirani dawa ya kisukari humdhuru jirani, na yenyewe hubaki salama. Tani moja ya hewa ukaa, iwe imetoka Mombasa au Hamburg, ina uzito ule ule mbele ya mbingu; kwa hiyo anayeficha zana ya kupunguza moshi hujidhuru na nafsi yake, na anayeitoa hulipwa sehemu ya thamani yake na majira ya nchi yake mwenyewe. Kwa mantiki hii tungetazamia kuona mataifa tajiri yakishindana kutoa. Hayashindani, na sababu ni mbili. Faida ya hewa iliyotulia huwaenea watu wote, hata yule asiyetoa senti, ndiyo maana mataifa hutegeana, kila moja likingoja mwenzake aanze. Sababu ya pili husahauliwa mno: apataye faida siye atoaye. Maarifa yamo mikononi mwa kampuni, ilhali faida ya hewa huwaendea raia. Kampuni ya Denmark au ya Japani ikimfundisha mshindani wa Dodoma kuunda mtambo kama wake, raia wa Denmark na wa Japani wamepata hewa iliyo bora kidogo, bali kampuni imepata mshindani. Serikali iliyojifunga kwa sheria za miliki haiwezi kuiambia kampuni itoe mali yake bure. Yaweza tu kuinunua. Hivyo mjadala wote wa kugawana zana hizi hurejea kwenye swali la kihasibu: nani ataulipia utoaji huo, kwa fedha ipi, na kiasi gani?

Swali hilo liliwahi kujibiwa vizuri, na yafaa tulikumbuke jibu lake kwa urefu. Mwaka 1987 mataifa yalipatana Montreal kuziondoa kemikali ziitwazo klorofluorokaboni, zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia, kwa kuwa zilikuwa zikiliharibu tabaka la ozoni. China na India zilikataa kuingia. Hoja yao ilikuwa wazi: majokofu ndiyo kwanza yanaanza kuingia katika nyumba za raia wao, kemikali mbadala zimo katika hataza za kampuni chache za Ulaya, Marekani na Japani, na si haki maskini akatazwe cha rahisi kisha auziwe cha ghali na yule yule aliyemwuzia cha kwanza. Katika mkutano wa London wa mwaka 1990 hoja hiyo ilikubaliwa. Uliundwa mfuko maalumu wa pande nyingi, ukaanza kazi mwaka 1991, ukiongozwa na kamati ya wajumbe 14, saba wa nchi zinazotoa na saba wa nchi zinazopokea, na wajibu wake ukaandikwa kwa uangalifu mkubwa: kulipa gharama ya ziada iliyokubaliwa, maana yake tofauti iliyopo baina ya kuendesha kiwanda kwa namna ya zamani na kukiendesha kwa namna mpya, pamoja na malipo ya hataza yakiwapo. China ikaingia mwaka 1991, India mwaka uliofuata. Hivi leo karibu asilimia 99 ya kemikali zilizodhibitiwa na mkataba ule imekwisha kuondolewa, na wanasayansi wanatazamia tabaka la ozoni, juu ya sehemu iliyo kubwa ya dunia, kurejea hali yake ya mwaka 1980 yapata mwaka 2040.

Uzuri wa mpango huu haukuwa katika wingi wa fedha. Ulikuwa katika ile hekima ya kulipa tofauti tu, ambayo iliwaondolea matajiri hofu ya kugeuzwa hazina ya dunia, na kuwaondolea maskini hofu ya kutozwa kwa kosa wasilolitenda wao. Na ulikuwa katika usawa wa kura, ambao uliifanya kamati ile iwe baraza la washirika. Hata hivyo mfuko haukuziba kila tundu. Viwanda vya India vilipotaka kuunda vyenyewe kemikali mbadala ya majokofu iitwayo HFC-134a, iliripotiwa kwamba viliombwa dola milioni 25 kwa ajili ya ufundi huo, ilhali Wahindi wenyewe walikadiria bei ya haki kuwa kati ya dola milioni 2 na milioni 8, ikabidi watafute njia yao wenyewe. Hapo hataza ilikuwa kufuli kweli kweli: kemikali moja, wenye nayo wachache, na mnunuzi hana pengine pa kwenda. Baadaye ikadhihirika kwamba kemikali za jamii hiyo, ijapokuwa hazidhuru ozoni, hulipasha joto anga mara mia kadhaa na hata maelfu kuliko hewa ukaa. Ndipo mataifa yalipokutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, mwezi wa Oktoba 2016, yakakubaliana kuzipunguza, jambo linalotarajiwa kuiepusha dunia na ongezeko la joto la hadi nusu nyuzi ifikapo mwisho wa karne. Fedha za kazi hiyo hupitia katika mfuko ule ule wa London.

Kutokana na kisa cha kemikali hizi ilizaliwa dhana kwamba hataza ndiyo kufuli ya kila zana, na kwa miaka mingi wajumbe wetu katika mikutano ya tabianchi wamesimama juu ya hoja hiyo zaidi kuliko nyingine yoyote. Hoja hiyo ina kweli ndani yake, lakini haienei pote. Mwaka 2007 mwanasheria wa Marekani John Barton alizichunguza tasnia tatu, ya umeme wa jua, ya upepo na ya nishati ya mimea, akaona kwamba watengenezaji ni wengi, misingi ya ufundi ni ya zamani na haina mwenyewe, na hataza zilizosalia ni za maboresho madogo madogo yanayoshindana. Hivyo bei inayotozwa kwa ajili yake si kubwa. Paneli ya kwanza ya silikoni yenye kufaa ilitoka katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1954. Hakuna amilikiye siri hiyo leo. Ikiwa mlango uko wazi na watu hawapiti, basi kizuizi kiko mahali pengine.

Kila zana ina sehemu tatu: chuma chenyewe, yale yaliyoandikwa juu yake, na yale yaliyomo katika mikono na vichwa vya mafundi. Cha kwanza hununuliwa, ya pili husomwa au hulipiwa, ya tatu hayasafiri ila mtu asafiri nayo. Historia ya umeme wa jua yathibitisha hayo. Shi Zhengrong, mzaliwa wa China, alisoma Sydney katika Chuo Kikuu cha New South Wales chini ya Martin Green, mmoja wa mabingwa wakubwa wa elimu hiyo, kisha mwaka 2001, kwa msaada wa serikali ya mji wa Wuxi, akaanzisha kiwanda cha Suntech. Mwaka 2005 hisa zake zikauzwa New York. Mitambo ya kuundia paneli iliweza kununuliwa ng'ambo na yeyote mwenye fedha. Kilichokuwa adimu ni mtu ajuaye kuiendesha na kuirekebisha. Na soko lilitoka wapi? Lilitoka Ujerumani, ambako sheria ya mwaka 2000 ilimhakikishia kila mzalishaji wa umeme wa jua bei maalumu kwa miaka 20, na gharama yake ikaongezwa katika ankara za umeme za raia. Mwanauchumi Kenneth Arrow alikwisha kueleza mwaka 1962 kwamba viwanda hujifunza kwa kutenda. Katika paneli za jua, kila mara jumla ya zilizoundwa duniani ilipoongezeka maradufu, bei ilishuka kwa karibu asilimia 20. Wati moja iliyogharimu zaidi ya dola 100 mwaka 1976, kwa thamani ya fedha ya siku hizi, ilifika chini ya senti 40 mwaka 2019. Sola iliyo juu ya bati la nyumba ya Sengerema au ya Garissa, basi, imelipiwa sehemu yake na mama mmoja wa Ujerumani asiyejua kwamba alitoa, na kuundwa na fundi wa Wuxi aliyefundishwa na mwanafunzi wa Sydney. Huu ndio ugawanaji mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea wa zana za tabianchi, na haukuandikwa katika mkataba wowote.

Haukupita bila majeruhi. Kampuni ya Q-Cells, iliyokuwa fahari ya Ujerumani, ilifilisika mwaka 2012, na kampuni kuu ya Suntech yenyewe mwaka uliofuata. Marekani na Ulaya zikaweka ushuru dhidi ya paneli za China. Na leo China inashika zaidi ya asilimia 80 ya kila hatua ya uundaji wa paneli, jambo ambalo mtu mwenye busara hawezi kulitazama bila wasiwasi, kwa maana ukiritimba wa kiwanda ni mzito kuuvunja kuliko wa hataza, ambao angalau una tarehe ya kufa. Katika betri, aina ya chuma na fosfati iliyovumbuliwa na kundi la mwanasayansi John Goodenough huko Texas katika miaka ya 1990 ilikuwa chini ya hataza, ila watengenezaji wa China waliruhusiwa kuitumia bila malipo maadamu wanauza ndani ya nchi yao. Hataza kuu zilipokwisha mwaka 2022, wao walikuwa wamekwisha kupata mazoezi ambayo wengine wote hawakuyapata. Ruhusa yenye mipaka, iliyodhaniwa kuwa ndogo, ikazaa ubingwa.

Kwetu, mfano uliokomaa ni wa Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, ambako Kenya huzalisha umeme kwa mvuke utokao chini ya ardhi. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa katika miaka ya 1950, uchunguzi wa dhati ukafanywa miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza mwaka 1981. Wakati huo huo Iceland, nchi ndogo ya baridi inayojipasha joto kwa maji ya volkano, ilikuwa imeanzisha chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa mafunzo ya miezi sita kwa wataalamu wa nchi nyingine, na hakuna taifa lililopeleka wanafunzi wengi kuliko Kenya. Kizazi baada ya kizazi cha wanajiolojia, wanakemia na wahandisi kilikwenda Reykjavík na kurudi. Tangu mwaka 2005 mafunzo mafupi ya aina hiyo yakawa yanafanyika Naivasha kwenyewe, kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, zinazotoa karibu nusu ya umeme wa taifa. Na tangu mwaka 2019 kampuni yake ya umeme, KenGen, imepata mikataba ya kuchimba visima Ethiopia, na baadaye Djibouti. Mwanafunzi amekuwa mkandarasi.

Faida ya mafunzo yale ni ya kiuchumi hasa. Kisima cha jotoardhi huchimbwa hadi kilomita tatu, hugharimu dola milioni kadhaa, na huenda kisitoe kitu. Mwenye benki akiitazama hatari hiyo hukataa, au hudai riba ya kutisha. Ni jicho la mtaalamu aliyezoea ardhi ile, ajuaye kusoma dalili za gesi na za miamba, ndilo lipunguzalo visima vikavu, na kila kisima kikavu kilichoepukwa ni mamilioni yaliyobaki hazinani. Ndiyo sababu Kenya mwaka 2008 iliunda kampuni ya serikali, GDC, ili ibebe hatari ya uchimbaji wa mwanzo kabla ya kuwaita wenye mitaji. Mitambo ya kuzungushwa na mvuke bado hutoka Japani na kwingineko, wala sioni aibu katika hilo. Kinachouzwa kwa bei ghali zaidi katika kazi hii, yaani uamuzi wa mahali pa kuchimba, kimekwisha kuwa mali ya wenyeji. Linganisha na mashamba ya upepo karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya kampuni ya Vestas yenye jumla ya megawati 310, iliyoletwa ikiwa imekamilika kutoka ng'ambo, ikasimama tayari mwaka 2017 na kungoja hadi mwaka uliofuata njia ya umeme ya kuipeleka nishati yake kwenye gridi ya taifa. Umeme wake ni neema, lakini elimu yake haijakaa kwa namna ile ya Olkaria.

Wala si lazima elimu hiyo iwe ya chuo kikuu. Wanawake wa vijiji vya Zanzibar, baadhi yao wasiojua kusoma, walikwenda Tilonia katika jimbo la Rajasthan, India, kwenye chuo cha Barefoot, wakajifunza kwa rangi na kwa vitendo kuunganisha na kutengeneza taa za sola, na hatimaye kituo cha aina hiyo kikafunguliwa Kinyasini, Unguja. Na lile jiko la mkaa lenye kiuno chembamba na udongo ndani ya bati, ambalo kila mwenyeji wa miji yetu analijua, asili yake ni jiko la ndoo la Thailand: wataalamu wa Kenya waliliona huko mwanzoni mwa miaka ya 1980, wafinyanzi na mafundi wa jua kali wakaligeuza liingie katika umbo la jiko la kienyeji, na kwa kuwa hakuna aliyelichukulia hataza, likaenea Tanzania, Uganda na Rwanda kwa nyundo na macho tu, likiokoa theluthi moja ya mkaa au zaidi. Uhuru huo ulikuwa na bei yake, kwani palipokosekana mwenye jina la kulinda, majiko hafifu yenye udongo upasukao upesi yalichanganyika sokoni na yaliyo bora, na mnunuzi hakuweza kuyatofautisha. Zana isiyo na mwenyewe yahitaji kipimo cha ubora kinachosimamiwa na umma.

Sasa nifike kwenye mlango ninaouona kuwa ndio mkuu, nao ni bei ya mtaji. Mwenye jenereta ya dizeli hununua mashine kwa fedha kidogo kisha hulipa mafuta siku kwa siku. Mwenye umeme wa jua, wa upepo au wa mvuke hulipa takribani gharama yote siku ya kwanza, halafu jua na upepo havimdai. Kwa sababu hiyo, katika nishati safi, riba ndiyo mafuta. Chukua mradi wa shilingi bilioni 10 uliokopewa fedha yote kwa miaka 20. Mkopaji wa Ulaya apataye fedha kwa asilimia 3 hulipa kila mwaka yapata shilingi milioni 672. Mkopaji wa Afrika anayetozwa asilimia 12 hulipa milioni 1,339. Paneli ni zile zile, hataza ni zile zile, na huenda jua la huyu wa pili ni kali kuliko la yule wa kwanza, walakini umeme wake una bei karibu mara mbili. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2022 kwamba Afrika ina asilimia 60 ya maeneo bora ya jua duniani na asilimia moja tu ya mitambo ya umeme wa jua. Hata hataza zote za sola zikifutwa leo kwa kalamu moja, tofauti hiyo isingepungua sana. Riba ikipunguzwa nusu, ingepungua mbele ya macho yetu.

Kwa mizani hiyo ndivyo inavyopaswa kupimwa ahadi ya nchi tajiri ya Copenhagen ya mwaka 2009, ya kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ambayo kwa hesabu ya nchi tajiri zenyewe ilitimia mwaka 2022, na ile ya Baku ya mwaka 2024 ya dola bilioni 300 kila mwaka ifikapo 2035. Sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Mkopo wa masharti nafuu hushusha riba, nao ni msaada wa kweli. Mkopo wa bei ya soko ulioandikwa katika daftari la misaada haujamgawia mtu kitu, na sioni kwa nini tuupokee kwa shukrani.

Biashara ya hati za hewa ukaa, yaani hati za kuthibitisha moshi uliopunguzwa, iliyoanzishwa na Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilitakiwa kuziba pengo hili. Ilikwenda zaidi China na India, na Afrika ikapata makombo. Aidha, mtafiti Michael Wara alionyesha mwaka 2007 kwamba hati zilizotolewa kwa kuteketeza gesi moja tu ya viwandani, HFC-23, zingegharimu yapata yuro bilioni 4.7, ilhali vifaa vya kazi hiyo visingezidi yuro milioni 100. Palilipwa thamani yote ya sokoni mahali ambapo kamati ile ya mfuko wa ozoni ingelipa tofauti tu.

Tusiwatupie wengine lawama zote. Serikali ya Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la thamani juu ya vifaa vya sola mwaka 2020 na kuiondoa tena mwaka 2021, na mfanyabiashara asiyejua kodi ya mwakani huongeza hofu yake katika bei. Mazungumzo ya kufuta ushuru wa bidhaa za mazingira katika Shirika la Biashara Duniani yalivunjika mwezi wa Desemba 2016, lakini hakuna aizuiaye Jumuiya ya Afrika Mashariki kupatana juu ya ushuru wake yenyewe. Na hapa patokea mgongano wa haki: kiwanda cha kuunganisha paneli kilichofunguliwa Naivasha mwaka 2011 kilistahili kulindwa kidogo, na mnunuzi wa kijijini alistahili paneli rahisi. Mimi naegemea upande wa mnunuzi katika paneli, ambazo ushindani wake umekwisha kuamuliwa, na upande wa kiwanda katika kazi ambazo bado hazijapata bwana: betri, pampu za sola za umwagiliaji, pikipiki za umeme, na ufundi wa kuzikarabati.

Si haki pia kudhani kwamba maarifa hutiririka kutoka kaskazini tu. M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipoanza Kenya mwaka 2007, ilifungua njia ambayo kwayo kampuni ya M-KOPA ya Nairobi iliweza, tangu mwaka 2012, kumwuzia mtu sola kwa malipo madogo ya kila siku kwa simu, kifaa kikijifunga chenyewe malipo yakikoma. Ufumbuzi huu ulikuwa wa riba na dhamana kuliko wa umeme: mteja asiye na hati ya ardhi wala akaunti ya benki amekopesheka, kwa sababu kifaa chenyewe ndicho rehani. Mfumo huo umeenea nchi nyingi za Afrika.

Jambo zito kuliko yote kwa kizazi hiki liko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchi hiyo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ichimbwayo duniani, hasa katika machimbo ya Kolwezi na Katanga nzima, ambako Kiswahili ndicho lugha ya machimboni na sokoni. Na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia husafishwa China. Uchambuzi wa kampuni ya utafiti ya BloombergNEF wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kiwanda cha kutengeneza malighafi ya betri, cha tani 10,000, kingejengwa Kongo kwa dola milioni 39, dhidi ya milioni 65 Poland, milioni 112 China na milioni 117 Marekani. Mwezi wa Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia saini mapatano ya kushirikiana katika tasnia hiyo. Hapa, kwa mara moja, sisi ndio tulio na kitu ambacho mwingine hawezi kukikosa, na bei ambayo yafaa kudaiwa si mrabaha peke yake. Idaiwe kwamba wahandisi wa Lubumbashi na Kitwe wafanye kazi miaka kadhaa ndani ya viwanda vya wanunuzi, kwamba nafasi za uongozi wa mitambo zihamie kwao kwa tarehe iliyoandikwa, na kwamba mkopo wa ujenzi uje kwa riba ambayo mnunuzi mwenyewe hukopea. Nguvu ya kudai haya haitadumu milele, kwa kuwa betri zisizo na kobalti, zile za chuma na fosfati, zinazidi kulichukua soko kila mwaka.

Kuna na nguvu nyingine iliyolala. Sheria za Shirika la Biashara Duniani zimeziruhusu nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, zikiwamo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo, kutolinda hataza hadi tarehe 1 Julai 2034, na ibara ya 66 ya mapatano yake ya miliki inazilazimisha nchi tajiri kuzivutia kampuni zao zipeleke ufundi huko. Kenya haimo katika orodha hiyo. Ruhusa hii haina faida kwa nchi iliyo peke yake, isiyo na soko la kutosha wala mafundi wa kutosha kuiga mtambo mgumu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kenya ina wahandisi, Kongo ina madini, Tanzania ina bandari na gridi inayokua, na Uganda na Rwanda zina haki ya kuunda bila kuomba ruhusa, yaweza kuwa na thamani kubwa, mradi bidhaa zitakazoundwa zisiuzwe mahali ambapo hataza ingali hai. Orodha ya mitambo ambayo hataza zake zinatuzuia kweli, iliyotenganishwa na ile inayozuiwa na riba na ile inayozuiwa na uhaba wa mafundi, ndiyo kazi ya kwanza ambayo sekretarieti ya Jumuiya hiyo huko Arusha ingeweza kuwapa wanauchumi na wahandisi wake mwaka huu, kwa maana kila nchi inayopanda daraja na kutoka katika kundi lile huipoteza ruhusa hiyo, hata kama tarehe ya 2034 haijawadia.